Kiganja Juu ya Boneti

Wahenga walinena kuwa kipya kinyemi ingawa kidonda. Katika yadi za magari kandokando ya Barabara ya Ngong, Nairobi, Toyota Prado iliyokwisha kutumika Japani hung'aa utadhani imeundwa jana. Sheria ya Kenya hukataza kuingizwa nchini kwa gari lililozidi umri wa miaka 8, tamaa haikatazi. Mwalimu aliyejidunduizia akiba kwa miaka mingi hukabidhiwa ufunguo alijaribu gari, akazunguka mara moja, akajiona tayari akilakiwa kijijini kwa vigelegele. Husahau hata kuzijaribu breki. Nayo injini iliyopashwa moto mapema huficha moshi na mgongano wa vyuma. Mnunuzi mwenye busara hutanguliza kiganja juu ya boneti. Akihisi joto, hurejea kesho yake mapema.