Harusi isiile ndoa

Kila mwaka, mara mpunga unapoanza kugeuka rangi katika mashamba ya bonde la Kilombero, kadi za michango ya harusi nazo huanza kutembea. Hapa kwetu Kibaoni, mahali ambapo msafiri atokaye Kidatu huanza kuuona mji wa Ifakara, si ajabu mtu kupokea kadi tatu kwa juma moja: ya mtoto wa jirani, ya mfanyakazi mwenzake, na ya ndugu aishiye Dar es Salaam ambaye ghafula amekumbuka kwamba kwao ni huku. Zamani kadi ililetwa na kijana juu ya baiskeli. Siku hizi huletwa kwa simu, na mchango nao hurudi kwa simu. Njia imebadilika, lakini jambo ni lile lile: jamaa na marafiki wanaombwa kuwasaidia vijana wawili kuanza maisha.

Nasema kuanza maisha, wala sisemi kufanya sherehe, kwani hapo ndipo penye neno nililokusudia kulisema leo. Kwa miaka mingi nimekuwa mtunza fedha katika kamati za harusi za hapa mtaani. Kazi hiyo haina heshima ya mwenyekiti wala furaha ya mshereheshaji, lakini ina daftari. Na daftari la harusi, ndugu msomaji, husema mengi ambayo picha za harusi hazisemi.

Mimi niliolewa mwaka 1982, wakati ambapo sukari, khanga na sabuni vilikuwa haba nchini kote. Ingawa kiwanda cha sukari kilikuwa pale Kidatu, sukari ya harusi yetu ilipatikana kwa kibali, tena kwa kilo za kuhesabu. Wali ulitokana na mpunga wa baba, samaki walitoka mtoni, na shangazi zangu walitwanga hadi usiku wa manane. Sisemi hayo ili kuwacheka vijana wa leo. Shida si sifa, na sisi tusingalikataa ukumbi na keki kama vingalipatikana. Nataka kuonyesha jambo moja tu. Wakati ule harusi haikuweza kula zaidi ya kile kilichokuwamo ghalani. Leo inaweza. Yaweza kula mavuno ambayo hayajavunwa na mshahara ambao haujalipwa.

Nitoe mfano, bila ya kumtaja mtu. Miaka michache iliyopita, kijana mmoja wa huku, mkulima wa ekari tatu za mpunga na mfyatua matofali wakati wa kiangazi, alipangiwa kuoa mwezi Machi. Tarehe hiyo haikuchaguliwa naye wala na mchumba wake. Ilichaguliwa kwa sababu mjomba wake wa mjini angekuwa likizoni. Sikuwamo katika kamati ile. Nilikuwa mchangiaji kama wengine. Ahadi zilikuwa nyingi, na kwa nguvu ya ahadi hizo kamati ikaagiza ukumbi, mapambo, muziki na chakula cha watu mia tatu. Lakini kwa mkulima wa bonde hili Machi ni mwezi wa mvua na wa ghala tupu. Aliyeahidi kwa moyo mweupe hana cha kutoa mpaka avune. Siku kumi kabla ya harusi, fedha zilizopokewa hazikufika hata nusu. Kuahirisha kukaonekana ni aibu. Basi yule kijana akauza mpunga wa ekari mbili ungali kijani shambani, kwa bei aliyoitaja mnunuzi mwenyewe.

Harusi ikafana. Mwezi Juni nilimkuta yule bibi harusi kwenye mashine ya kukoboa akiwa na ndoo moja ya mpunga, ilhali wanawake wenzake walikuwa wakishusha magunia. Aliniamkia, nikamwitikia, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Mama, mpunga wetu ulikwisha kuliwa siku ile ile ya harusi. Nanyi nyote mlikuwapo." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayetoa hesabu. Mwaka ule mumewe alikwenda kutafuta kibarua cha kukata miwa, na yeye akarudi kwa wazazi wake kulea ujauzito. Ugomvi wao wa kwanza haukuwa wa wivu wala wa ulevi. Ulikuwa wa deni. Namshukuru Mungu kwamba wangali pamoja. Lakini mwaka wa kwanza wa ndoa, ambao ungekuwa wa kuzoeana, waliuishi mbalimbali.

Kutokana na hayo, na mengine niliyoyaona daftarini, nina mambo manne ya kuwaeleza wanaojiandaa kuoa na kuolewa, na wazazi wao.

La kwanza ni tarehe. Mpunga wetu hupandwa kwa mvua za mwisho na mwanzo wa mwaka, na aghalabu huvunwa kati ya Mei na Julai. Harusi ya familia ya mkulima yafaa ifuate kalenda hiyo. Hata hivyo isiwekwe siku ile ile ya mavuno, kwani wakati huo kila mtu anauza na bei iko chini. Anayengoja hadi Agosti au Septemba hupata bei bora, njia kavu na wageni wenye nafasi. Ni kweli kwamba safari zimekuwa nyepesi. Treni ya TAZARA imekuwa ikipita Ifakara tangu miaka ya sabini, na daraja la mto Kilombero, lililofunguliwa mwaka 2018, liliwaondolea wageni wa Mahenge na Malinyi taabu ya kungojea kivuko. Lakini daraja halizuii mvua. Mafuriko ya masika ya mwaka 2024 yalitukumbusha hivyo sote. Kwa wafanyakazi wa mshahara, kalenda ni nyingine: mchango uombwe mwisho wa mwezi, wala usiombwe Januari, mzazi anapotafuta sare na madaftari ya watoto.

La pili: ahadi si fedha. Tuseme kamati imeahidiwa shilingi 6,000,000, na mwezi mmoja kabla ya harusi imepokea 3,500,000. Kamati yenye busara hufunga hesabu siku hiyo na kupanga harusi ya 3,500,000. Zikija nyingine baadaye, ni heri. Zisipokuja, hakuna anayedaiwa. Mahitaji yaandikwe kwa utaratibu wa umuhimu, chakula cha wageni kikitangulia na mapambo yakifuata mwisho, ili fedha zikipungua ijulikane mapema kipi kitaachwa. Kamati nyingi hufanya kinyume: hulipa arubuni ya ukumbi na muziki kwanza, kisha hutafuta mchele kwa mkopo.

La tatu ni sheria. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yataka wanaokusudia kuoana watoe taarifa kwa mfungishaji ndoa angalau siku 21 kabla ya ndoa. Nimewahi kuona kadi zilizokwisha kuchapwa zikitupwa kwa sababu wahusika walikwenda kutoa taarifa zikiwa zimesalia siku tisa. Basi taarifa itangulie, kadi ifuate. Kuhusu mahari, wengi hawajui kwamba kwa sheria hiyo hiyo ndoa iliyotimiza masharti mengine ni halali hata kama desturi ya mahari haikutimizwa. Sisemi mahari yafutwe. Ni heshima kwa wazazi, na mkaja wa mama una maana yake. Nasema tu kwamba mshenga anapoomba yalipwe kidogo kidogo, asijibiwe kana kwamba ameomba jambo lisilowezekana. Mzazi anayemkamua mkwe wake leo anapunguza chakula katika sufuria ya binti yake kesho.

La nne, bwana harusi na bibi harusi waione hesabu pamoja. Katika kamati nyingi bibi harusi huulizwa rangi ya vitambaa na nguo atakayovaa, lakini haulizwi kama ukumbi ule una haja. Yeye ndiye atakayepika kwa kile kitakachobaki, basi ana haki ya kujua kitabaki nini. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za mke nyumbani nazo ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Ikiwa mahakama yamhesabu mke kuwa mchangiaji, itakuwaje kamati ya harusi imfanye mgeni?

Najua nitajibiwa. Mzee mmoja aliniambia kikaoni: "Mama, mimi nimechangia harusi za watu kwa miaka ishirini. Hiyo ni akiba yangu. Nikimfanyia mwanangu harusi ndogo, nani atanirudishia?" Maneno yake yana uzito, wala siyapuuzi. Mchango ni akiba ya watu wasio na benki. Huleta pamoja koo mbili ambazo pengine zisingekutana, na humwezesha fukara kusitiriwa siku ya furaha kama anavyositiriwa siku ya msiba. Kwa hiyo sisemi michango ikome. Nasema akiba hiyo ifike kwa wale ambao imekusanywa kwa jina lao.

Mambo hayo yawezekana. Katika kamati moja niliyoitunzia fedha, maharusi walikuwa dereva na mshonaji. Wao wenyewe waliomba sherehe ifanyike uwanjani kwa baba, chini ya maturubai ya kukodi, mwezi Agosti, kwa wageni themanini. Shangazi wawili walinuna na kusema tumewaaibisha. Lakini hesabu ilipofungwa, fedha zilizobaki zilitosha godoro, kodi ya chumba ya miezi sita na cherehani. Magunia ya chakula ya nyumba hiyo mpya hayakuguswa. Shangazi mmoja kati ya wale ndiye leo anayepeleka nguo zake zishonwe pale, na halipi bei kamili.

Wenyeviti wa kamati, nawaomba jambo moja. Katika kikao cha kwanza, kabla hamjauliza ukumbi upi na muziki wa nani, wakalisheni vijana wale wawili mbele yenu na muwaulize: itakapofika Februari, mvua ikinyesha na ghala za jirani zikiwa tupu, nyumbani kwenu mtakula nini? Wakiwa na jibu, chapeni kadi. Wakiwa hawana, mchango wenu wa kwanza na uanzie hapo.