Kikao ndani ya gari

Kuna mmoja wenu aliniuliza kama kweli naongea na mwanasaikolojia kwa simu ya video, na kama inasaidia. Ndiyo kwa yote mawili.

Nilianza baada ya ajali ya basi niliyotumwa kuiripoti. Wiki zikapita, saa tisa usiku bado niko macho, moyo unakwenda mbio. Nyumbani wakasema nawaza sana. Kwetu ukitaja tu daktari wa akili, mtu anafikiria Mirembe, Dodoma, na mazungumzo yanaishia hapo.

Bando na chaji ni mambo madogo. Kazi ni faragha. Nyumba yetu kuta hazifiki juu. Ukikohoa chumbani, sebuleni wanakwambia pole. Nikahamia kwenye gari la kaka, vioo juu, jasho linatiririka. Siku moja mama akagonga kioo: "Mwanangu, unaongea na nani humo?" Nikamwambia ukweli. Akanyamaza, kisha akaniletea maji.

Kabla ya yote nilimuuliza huyo dada amesomea wapi na nani anasoma anachoandika. Hakukasirika. Naye alitaka kujua niko mtaa gani, namba ya ndugu wa karibu endapo nitazidiwa, na tukakubaliana mtandao ukikata atapiga simu ya kawaida. (Ukifikia kuwaza kujiua, usisubiri kikao cha wiki ijayo. Nenda hospitali leo.)

Vikao viwili vya mwanzo nilimwaga Kiingereza cha semina. Cha tatu akaniomba niseme kwa Kiswahili nilichokiona pale barabarani. Nikajikuta nasimulia harufu ya magunia ya dagaa yaliyopasuka, kitu ambacho hakikuwemo kwenye habari yangu. Ndipo nikaelewa kwa nini nilikuwa naikwepa njia ya sokoni.

Tiba anayotumia ni ya fikra na tabia, ambayo Aaron Beck aliianzisha Marekani miaka ya 1960. Haina ulaini, jamani. Unapewa kazi ya nyumbani: pita kwenye meza za dagaa, simama, andika hofu yako ni ngapi kati ya 0 na 10, usiondoke mpaka ishuke. Nilianza na 8. Juzi ilikuwa 3, na muuza dagaa ameshachoka kuniuliza kama nanunua.

Baada ya kila kikao najipa nusu saa ya kukaa tu, bila simu ya mhariri.

Usingizi bado unakatika siku za mvua. Jumanne ni kikao cha tisa. Kaka ameshaambiwa gari lisitoke.