Nyumba ya Kumwachia Mtoto

Mke wa askari hulea watoto wake huku sanduku moja likiwa limefungwa nusu. Leo yupo Gitega, kesho bwana amepewa karatasi ya uhamisho, na mwezi ujao anatafuta maji, soko na shule katika mji asioufahamu. Hayo yote hupatikana haraka. Kilicho kigumu kupatikana ni mtu wa kumwachia mtoto mchanga, hasa kwa sisi tulio na kazi zetu wenyewe, kwa kuwa mabibi na mashangazi, ambao kwa desturi ndio wangempokea mtoto, wamebaki milimani kwao.

Wapo wanaomweka yaya nyumbani. Lakini askari mwenye chumba kimoja na sebule atamlaza wapi yaya, na tarehe 25 ya mwezi atamlisha nini? Ndiyo maana akina mama wengi huona heri kumpeleka mtoto kila asubuhi kwa mama jirani anayepokea watoto watatu au wanne nyumbani kwake, kwa malipo ya mwezi. Wale niliowajua hawakuwa na kibao mlangoni wala mkaguzi wa kuwatembelea. Wenzetu wa Tanzania walitunga sheria ya vituo vya kulelea watoto mchana mwaka 1981, lakini kituo ni kituo, na ua wa jirani ni jambo jingine. Mkaguzi wa ua huo ni mzazi mwenyewe. Mimi ni mwalimu, na mume wangu ni polisi. Kwa ajili ya kitindamimba wetu nilikagua nyumba tatu mjini Gitega, kisha nikairudia kazi hiyo hiyo huko Muyinga.

Gitega ilifanywa mji mkuu wa kisiasa kwa sheria ya mwanzoni mwa mwaka 2019, na wakati ule tulipokuwa huko wageni walikuwa wengi, nasi wazazi tukigombea walezi kama tunavyogombea nyumba za kupanga. Nyumba ya kwanza niliyoelekezwa ilikuwa ya kupendeza kweli kweli. Sakafu ya saruji iling'aa, mapazia yalikuwa yamepigwa pasi, na juu ya kabati walipangwa wanasesere na magari ya plastiki ambayo ungeyaona dukani. Jirani yangu aliyenipeleka alikuwa tayari kutoa pesa papo hapo. Mimi niliyatazama yale magari nikaona yana vumbi. Yalikaa juu mno hata mtoto wa miaka minne asingeyafikia, na watoto wenyewe walikuwa wamekalishwa kwenye mkeka mbele ya televisheni, wakikatazwa kushuka mkekani wasije wakaichafua sakafu. Nyumba ile ilikuwa imetayarishwa kwa ajili ya wazazi. Watoto walikuwa ndani yake kama wageni wasioalikwa.

Baadaye nilipata kusoma kwamba mwaka 1989 wataalamu wawili wa Marekani, Thelma Harms na Richard Clifford, walitoa kipimo cha kukagulia nyumba za walezi wa namna hii, ambamo kila jambo hupewa alama kuanzia 1 hadi 7. Kipimo hicho na vingine vilivyotokana nacho havitosheki na kuona kwamba vitu vya kuchezea vipo. Huuliza kama mtoto aweza kuvifikia kwa mikono yake. Ni dhahiri kwamba waliokitunga hawakuwa na uani mwao choo cha shimo wala jiko la makaa, kwa hiyo si kila kitu chao kitatufaa. Lakini jambo moja ni la kuazima bila haya: mkaguzi hukaa kitako na kutazama kwa muda mrefu. Haulizi maswali matano mlangoni akaenda zake.

Nyumba ya pili ilinishinda kwa neno moja tu. Sheria ya kazi ya mwaka 1993 ilimpa mama mwenye ajira majuma 12 ya likizo ya uzazi, nalo Shirika la Afya Duniani husema mtoto anyonye maziwa ya mama pekee, bila hata maji, mpaka atimize miezi 6. Hesabu hizo mbili hazikutani. Mama hurudi kazini na mtoto wa miezi mitatu, na kwa muda wote uliobaki mwenye kuamua kinachoingia kinywani mwake ni mlezi. Kwa hiyo nilimweleza mama yule kwamba nitakamua maziwa asubuhi, yanayoweza kukaa saa nne hivi yakifunikwa mahali pasipo joto, ayanyweshe kwa kikombe kidogo safi, nami nitafika mapumziko ya saa nne na nusu kumnyonyesha. Alinitazama kwa huruma. «Mama mwalimu, usijisumbue,» akasema. «Hapa wote nawapa maji ya sukari, wanatulia.» Nilimshukuru kwa ukarimu wake nikaaga.

Neno hilo la kutulia, wasomaji wapenzi, lichungeni. Watoto wanne wenye afya hawawi kimya saa tano asubuhi. Mmoja analia, mmoja anagonga sufuria, wawili wanagombania kijiti. Ukikuta wote wamelala fofofo saa ambayo si ya kulala, na kesho yake tena hivyo hivyo, uliza wamekunywa nini. Zipo dawa za maji za kikohozi na mafua ambazo huleta usingizi, na wapo walezi waliokwisha kuigundua siri hiyo. Kwa mtoto mchanga dawa hizo ni hatari, zaweza kuiharibu pumzi yake. Ndiyo maana mimi sikuenda kukagua saa moja asubuhi wala saa kumi na moja jioni, saa ambazo kila mlezi amejitayarisha. Nilikwenda saa tano, na siku nyingine saa nane mchana, jua likiwa kali na subira ya watu ikiwa imekwisha. Katika saa hiyo utasikia jinsi anavyozungumza nao.

Nyumba ya tatu, mtaani Nyamugari, ndiyo tuliyoichagua. Haikuwa na kabati. Mama mwenyewe alikuwa na watoto watatu wa kuletewa na mmoja wa kwake, akakataa wa tano mbele ya macho yangu ingawa mzazi yule aliongeza bei. Huko Uingereza, mlezi wa nyumbani haruhusiwi kuwa na zaidi ya watoto 6 walio chini ya miaka 8, wakiwamo wa kwake, na kati yao walio chini ya miaka 5 wasizidi 3, tena kwa kawaida mmoja tu ndiye awe chini ya mwaka mmoja. Mama wa Nyamugari hakuwa amesoma kanuni hiyo. Alisema tu kwamba ana mgongo mmoja na mikono miwili, na kwamba mwenye watoto wachanga wawili hubeba mmoja na kumsahau mwenziwe. Mtoto wetu alitoka kwake akijua Kiswahili cha Nyamugari kabla hajajua kutambaa vizuri, jambo lililowachekesha shemeji zangu wa milimani.

Kuhesabu watoto, hata hivyo, hakutoshi. Hesabu na watu wazima. Mara nyingi mlezi uliyeongea naye siye anayelea. Yeye yuko sokoni na kitambaa chake cha mboga, na aliyembeba mwanao ni msichana wa miaka 11 au 12 aliyeletwa kutoka kijijini, ambaye mahali pake ni darasani. Ada ya shule ya msingi ilifutwa nchini mwetu mwaka 2005. Mimi kama mwalimu naliona jambo hili kwa uchungu wa pande mbili: mtoto wangu analelewa na mtoto, na mwanafunzi wangu amegeuzwa mlezi. Kadhalika uliza waziwazi ni nani wengine wanalala au kushinda katika nyumba hiyo: wapangaji, vijana wakubwa, wageni wa mzee. Uliza vyumba vinafungwa au viko wazi, na mtoto huogeshwa wapi na nani. Wapo watakaoona swali hilo ni la kukosa adabu. Mlezi mwema halioni hivyo, na wa Nyamugari alinijibu kabla sijamaliza.

Tulipohamishiwa Muyinga, tukipita barabara ya Karuzi na magodoro yetu, mtoto alikuwa na miezi minane. Asubuhi za huko, hasa kati ya Juni na Agosti, zina baridi inayouma masikio, na baridi hiyo ndiyo iliyonifundisha kutazama jiko kwanza. Jiko la makaa, hii mbabura yetu, watu huliingiza chumbani ili watoto wapate joto, kisha hufunga mlango na dirisha. Makaa yale yanayoonekana hayana moshi hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua waliolala. Kati ya nyumba nilizotembelea Muyinga, moja niliiacha kwa sababu hiyo tu, ingawa mama mwenyewe alikuwa mcheshi na mpole. Nilimweleza sababu, akalitoa jiko nje siku ile. Sijui kama lilibaki nje. Tazama pia beseni la maji lililoachwa wazi, maana mtoto anayejifunza kusimama huweza kuzama katika maji yasiyofika hata magotini kwako. Na choo kiwe na kifuniko, na sabuni iwe imelowa. Sabuni kavu kabisa ni ya maonyesho.

Niliyempata hatimaye ni bibi mmoja mjane, nyumba yake ya matofali mabichi, ua umefagiliwa mpaka ukawa na mistari ya ufagio. Watoto walicheza na vifuniko vya sufuria, magunzi ya mahindi na gari la waya lililotengenezwa na mjukuu wake, yote chini, yote ndani ya mikono yao. Nilikaa uani pake karibu saa mbili. Alikuwa akizungumza nao bila kukoma: huyu akimwambia jina la ndege aliyepita, huyu akimuuliza kiatu kimekwenda wapi, na yule mdogo kabisa, ambaye hakuweza kujibu, akimwimbia zile nyimbo za kubembeleza ambazo Warundi huziita ibihozo. Mmoja alipomwaga uji hakupigwa wala hakuitwa mbwa. Alipewa kitambaa apanguse, akaupaka uji ule sehemu kubwa zaidi, na bibi akapangusa nyuma yake.

Uji wenyewe niliuonja. Ulikuwa wa mahindi, soya na mtama, mzito wa kushika kijiko. Hili si jambo dogo kwetu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2016 na 2017 ulionyesha kwamba watoto 56 kati ya kila 100 walio chini ya miaka 5 nchini Burundi walikuwa wafupi kuliko umri wao, yaani wamedumaa kwa lishe duni. Mtoto anayeshinda kwa mlezi siku tano za juma hula huko sehemu kubwa ya chakula chake. Uji mwepesi kama maji ya kunawa humjaza tumbo na kumwacha na njaa. Bibi huyu alikuwa amepata kuhudhuria mafunzo ya siku 12 ya lishe yanayofanywa majumbani milimani, akina mama wakipika pamoja vyakula vya palepale, na tangu hapo hakuacha kutia lengalenga na ndagala zilizosagwa katika chakula cha watoto. Mzazi asiyeweza kuonja kila siku ana ushahidi mwingine: mizani ya kituo cha afya, na ule utepe wa kupimia mkono kwa watoto wa kuanzia miezi 6, ambao chini ya milimita 125 huingia rangi ya manjano na chini ya 115 huwa mwekundu. Mimi nilimpima mtoto siku tuliyoanza na kila mwezi baada ya hapo, na bibi hakukasirika.

Yeye naye alinikagua. Aliuliza, «Mama mwalimu, utafika saa ngapi kweli? Si ile saa unayoitaja, ile saa unayofika.» Akauliza ni nani mwingine anayeruhusiwa kumchukua mtoto, kwa maana askari wana marafiki wengi wenye sare, na sare si kitambulisho cha ujomba. Akataka nakala ya kadi ya chanjo, ili mtoto akishikwa na homa mchana asisubiri niruhusiwe kutoka kazini. Matibabu ya walio chini ya miaka 5 ni bure katika vituo vya serikali tangu mwaka 2006, hivyo hakuna sababu ya kungoja pesa. Tena akataka kujua mshahara unaingia tarehe ngapi.

Swali hilo la mwisho liliwaudhi baadhi ya wenzangu, lakini mimi naliona ni la haki. Tangu Desemba 2007 mpaka mwisho wa mwaka 2024 wanajeshi wetu walikuwa Somalia, na wake wengi walibaki na watoto, wakisubiri posho ambayo wakati mwingine ilichelewa kwa miezi. Walezi walisubiri pamoja nao. Mlezi asiyelipwa miezi miwili hupunguza kwanza makaa, kisha soya, kisha hupokea mtoto wa tano na wa sita, na nyumba iliyokuwa njema mwezi Machi si hiyo tena mwezi Juni. Sisi tulikubaliana nusu ilipwe mwanzo wa mwezi, hata kwa kukopa, na ukichelewa kuchukua mtoto baada ya saa kumi na mbili ulete sabuni.

Siku ya chanjo ya surua ya miezi 9 iliangukia mitihani ya shule. Bibi alimfunga mtoto mgongoni akampeleka mwenyewe kituo cha afya, na jioni akanirudishia kadi ikiwa imekunjwa ndani ya kitambaa kikavu, pamoja na deni la nauli ya baiskeli.