Mke wa Daktari wa Mulago

Kilima cha Mulago, mjini Kampala, chajulikana kwa wagonjwa na waganga. Tangu Albert Cook alipoanzisha hospitali hapo mwaka 1913, njia zake zimekanyagwa na wauguzi, na jamaa wenye vikapu vya chakula cha wagonjwa wao. Ni wachache wanaokumbuka kwamba wachoraji wa Afrika Mashariki nao wana deni kwa kilima hicho.

Dr. Hugh Trowell, ambaye jina lake limefungamana na uchunguzi wa kwashakoo, ule utapiamlo unaovimbisha watoto, alikuwa tabibu wa Mulago. Mkewe, Margaret, Mwingereza, alikuwa mchoraji aliyefunzwa London. Ingalikuwa rahisi kwake kuketi ufukoni mwa ziwa, huko Entebbe, akachora mashua, miavuli na mabibi wanywao chai kivulini. Picha za namna hiyo hazikosi wanunuzi. Badala yake, mwaka 1937, aliwakusanya wanafunzi barazani pa nyumba yake, akawapa karatasi na rangi.

Mafunzo yake yalikuwa ya namna ya pekee. Aliwasimulia jambo kwa maneno, nao waliliona kwanza moyoni ndipo wakashika brashi. Mwaka 1939 kazi zao zilionyeshwa London. Darasa la barazani likakua likawa shule ya sanaa ya Makerere, kilima kinachotazamana na Mulago, Wandegeya ikiwa bondeni kati yao.

Humo alipita Sam Ntiro, Mchaga wa Tanganyika, aliyechora watu wa kwao migombani. Picha yake ya wanaume wapelekao pombe ya ndizi kwa bibi arusi usiku imo katika Museum of Modern Art, New York. Baadaye Ntiro akawa Balozi wa nchi yake London.

Wapo waliomlaumu Bibi Trowell. Kumwepusha Mwafrika na michoro ya Ulaya ili abaki na uasili wake, walisema, ni kumfungia mlango. Tena mgeni alipewa na nani kipimo cha uasili huo? Swali hilo ni zito, wala wema wa mwalimu haulifuti. Cecil Todd, aliyeshika nafasi yake Bibi huyo alipostaafu mwaka 1958, aliwafundisha wanafunzi historia ya sanaa ya Ulaya waziwazi.

Mwanafunzi wake mwingine, Gregory Maloba wa Kenya, alichonga Sanamu ya Uhuru ya mwaka 1962. Ashukaye Mulago kuelekea mjini aweza kuitazama Nile Avenue: mtu aliyefungwa vitambaa mwilini, akimwinua mtoto juu.