Linda Strand na Deni la Mfamasia

Wahenga walituachia usemi kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Usemi huo humlenga mgonjwa. Hata hivyo, nchini Marekani, kwa miaka mingi aliyeamriwa kunyamaza hakuwa mgonjwa bali mfamasia. Kanuni za maadili za chama cha wafamasia wa nchi hiyo za mwaka 1952 zilimkataza kuzungumza na mgonjwa kuhusu athari za dawa aliyoandikiwa au viambato vyake. Kazi yake ilikuwa kuhesabu vidonge, kuvitia chupani, kubandika maelezo na kupokea fedha. Katazo hilo liliondolewa mwaka 1969, lakini mazoea hayafutiki kwa wino.

Miongoni mwa wasomi waliojitwika jukumu la kuyang'oa mazoea hayo ni Linda Strand, mtafiti aliyefanya sehemu kubwa ya kazi yake katika Chuo Kikuu cha Minnesota. Mwaka 1990, yeye na Charles Hepler wa Chuo Kikuu cha Florida walichapisha makala iliyoutikisa ufamasia. Hoja yao kuu ilikuwa hii: haitoshi mfamasia kutoa dawa iliyo sahihi, anapaswa kuwajibika kwa matokeo ya dawa hiyo katika maisha ya aliyeimeza. Kwa mtazamo huo, deni la mfamasia haliishi mgonjwa anapolipa na kuondoka. Ndipo linapoanza.

Mwaka uo huo, Strand na wenzake waliyaainisha matatizo yatokanayo na dawa katika makundi manane. Kuna maradhi yasiyopewa dawa yoyote, na kuna dawa inayotolewa pasi na maradhi. Kuna dawa isiyofaa kwa ugonjwa uliopo, kipimo kilicho kidogo mno na kipimo kilichozidi. Kuna mgonjwa ambaye, kwa sababu yoyote ile, haipati dawa aliyoandikiwa. Mwisho, kuna madhara ya dawa yenyewe, na dawa kuathiriana na kitu kingine ndani ya mwili. Orodha hii yaonekana nyepesi, lakini uzito wake umo katika swali inalomlazimisha mfamasia kuuliza. Hamuulizi mgonjwa tu, "Umeandikiwa nini?" Anamuuliza pia, "Hali yako i vipi tangu uanze kuitumia?"

Wazo hilo halikuachwa vitabuni. Katika miaka ya 1990, Strand na wenzake walilijaribu katika maduka ya dawa ya kawaida jimboni Minnesota, na mwaka 1998 yeye, Robert Cipolle na Peter Morley wakatoa kitabu kuhusu utunzaji huo wa kifamasia. Ushahidi kwamba tatizo ni kubwa nao haukukawia. Mwaka 1995, watafiti Johnson na Bootman walikadiria kuwa maradhi na vifo vitokanavyo na matumizi ya dawa miongoni mwa wagonjwa wasiolazwa viliigharimu Marekani dola bilioni 76.6 kwa mwaka. Mwaka 2006, Shirika la Afya Duniani na shirikisho la kimataifa la wafamasia walitoa mwongozo wa ufamasia unaomweka mgonjwa mbele.

Hata hivyo, wazo hili limesifiwa kuliko lilivyotekelezwa. Sababu moja ni ya kibiashara: aghalabu duka hulipwa kwa kidonge lililouza, si kwa mazungumzo liliyofanya. Na mazungumzo ndiyo nguzo ya nadharia nzima ya Strand.

Hapa ndipo suala la lugha linapojitokeza, nalo latugusa wana Afrika Mashariki. Bahasha ya dawa huandikwa 1×3, nayo kauli inayoambatana nayo ni "kutwa mara tatu". Je, kutwa ni nini? Tusemapo "usiku kucha na mchana kutwa", tunazitenga nyakati hizo waziwazi; kutwa ni tangu macheo hadi machweo. Basi mgonjwa aijuaye vyema lugha yake aweza kuvimeza vidonge vyote vitatu kabla jua halijatua, ilhali daktari alikusudia kimoja kila baada ya saa nane. Usiku mwili unakosa dawa, mchana inazidi. Dawa ni sahihi, mwandishi wake ni sahihi, na msomaji wake amesoma sawasawa.

Katika uainishaji wa Strand, hilo ni tatizo la kipimo. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, ni tatizo la semantiki. Ukweli ni kwamba ni tatizo moja, na mwenye kuliugua ni mmoja. Mfamasia atakayelitatua hana budi kufungua kinywa. Naye mwanaisimu, maadamu lugha ndiyo taaluma yake, hana haki ya kudhani kwamba maandishi ya bahasha ile hayamhusu.