Hela Zilizofukiwa Uani

Nilipokuwa nikisahihisha insha za wanafunzi wa mwaka wa pili, nilikutana na sentensi hii: "Mahela ya bibi yangu yalifukiwa uani." Nilipiga mstari mwekundu chini ya neno la kwanza, nikaandika pembeni "hela, ngeli ya I-ZI", nikakata alama moja. Hata hivyo sentensi ile ilinikaa moyoni kwa sababu ambayo mwandishi wake hakuijua. Hela za bibi yangu mimi nazo zilifukiwa uani, mtaani Buyenzi, na zilikuwa zimeugawa ukoo wetu kwa zaidi ya miaka ishirini.

Bibi, mzaliwa wa Ujiji, hakuamini benki wala wanaume. Akiba yake aliiweka katika mkebe wa biskuti, na mkebe akauzika. Siku chache kabla ya kufariki alimwambia mama yangu, "Uko kule mwembeni." Wakachimba shinani mwa mwembe, wakaung'oa hata mzizi mmoja, wasipate kitu. Lawama zikamwangukia mama yangu mdogo, kwa kuwa ndiye aliyelala katika nyumba ile miezi ya mwisho. Akahamia Rumonge, na huko alifariki bila yeye na dada yake kusemezana tena.

Mwezi wa Julai uliopita, binamu yangu anayeishi Uingereza alikuja likizo akiwa na kifaa cha kutambua metali. Huko hupita katika mashamba yaliyolimwa, wakati wa baridi, mazao yakiwa yameshavunwa na udongo uko wazi. Alinieleza jinsi vidole vinavyokufa ganzi ndani ya glavu, jinsi betri zinavyoisha upesi kwa baridi, na jinsi ardhi iliyoganda inavyokataa koleo. Alieleza pia kwamba kule England, kwa sheria ya mwaka 1996, mtu akiokota hazina ya dhahabu au fedha iliyopita miaka 300 ni lazima aitolee taarifa ndani ya siku 14. Aliponiona nimevaa sweta saa kumi na mbili asubuhi, kwa kijibaridi chetu cha kiangazi, alicheka mpaka akakaa chini.

Kifaa chenyewe si cha ajabu. Sahani yake ya mviringo ina waya uliosokotwa unaopeleka nguvu ya sumaku ardhini. Metali yoyote iliyo karibu huijibu nguvu hiyo, na jibu hugeuzwa kuwa mlio. Chuma hulia kwa sauti nzito. Shaba na fedha hulia kwa sauti nyembamba. Uani kwetu kililia kila hatua. Tulitoa vizibo vya Fanta, misumari, vipande vya mabati, kijiko kisicho na mpini. Nilimwonya binamu yangu kwamba huku si Norfolk: mji huu umeona vita, na si kila kinacholia ardhini ni cha kufukuliwa. Tukakubaliana kuchimba kwa mkono, kidogo kidogo, na kuacha mara moja tukigusa kitu kizito cha mviringo.

Shinani mwa mwembe hapakuwa na kitu, kama walivyosema watangulizi wetu. Ndipo nilipomwomba Mama ayarudie maneno ya Bibi, neno kwa neno.

"Alisema, uko kule mwembeni."

"Hakusema pale mwembeni?"

"Mwanangu, mama yangu alikuwa Mswahili wa Ujiji. Angetaka kusema pale, angesema pale."

Nimefundisha viambishi vya mahali kwa miaka mingi: *pa-* ni mahali mahususi, panapoonyesheka kwa kidole, *ku-* ni upande, eneo lisilo na mpaka, *mu-* ni ndani. Nimevichora ubaoni kwa duara na mishale. Lakini sikuwahi kujiuliza kwa nini watu wazima waliozaliwa katika lugha hii waliambiwa *kule* wakachimba *pale*. Tulianza kuuzunguka mwembe. Hatua tisa kutoka shinani, karibu na ukuta wa jiko, kifaa kilitoa mlio mwembamba usiokatika.

Mkebe ulikuwa umeliwa na kutu, lakini kifuniko kilikuwa bado kimeshikana na mdomo wake. Ndani mlikuwa na faranga za Kongo ya Kibelgiji zenye mchoro wa mchikichi, na faranga za mwaka 1960 zenye simba, zilizotolewa na benki iliyozihudumia Rwanda na Burundi kwa pamoja kabla Burundi haijapata faranga yake mwaka 1964. Chini kabisa palikuwa na sarafu moja ndogo ya shaba, yenye taji upande mmoja. Mwaka wake ulisomeka nusu, 190, tarakimu ya mwisho imelika. Ilikuwa *heller* ya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Kuanzia mwaka 1904 rupia moja ya Wajerumani iligawanywa katika *heller* 100, badala ya pesa 64 za awali. Waswahili wakaiita hela. Kirundi nacho kikaichukua, kikaivika kiambishi chake, ikawa *amahera*, na mpaka leo Mrundi huyaita hivyo malipo yake ya faranga. Mwanafunzi wangu basi hakubuni *mahela* yake, aliirithi. (Wapo pia Waswahili wasemao *mapesa* wakikusudia pesa tele, lakini yeye hakukusudia wingi huo.) Katika mtihani nitaendelea kudai *hela zilifukiwa*, kwani Kiswahili sanifu ndicho atakachokwenda kukifundisha. Ila siku hizi pembeni huandika sentensi mbili zaidi, na wino wake si mwekundu.

Hayo niliyafikiri baadaye. Asubuhi ile Mama alikuwa ameinama juu ya mkebe, hagusi kitu. Kwa bei ya sokoni, sarafu zote zile zisingenunua hata kilo ya mchele. Aliuangalia ukuta wa jiko, akauangalia mwembe, akapima kwa macho zile hatua tisa.

"Zilikuwapo," alisema. "Siku zote hizo zilikuwapo."

Kisha aliichukua ile hela moja, akaifunga kwenye pindo la kanga yake, akaniambia nimtafutie namba ya simu ya watoto wa mama mdogo, kule Rumonge.