Njia ya Kwenda Juu: Nyumba za Mji Mkongwe Zilivyogeuka Migahawa

Nyumba ya mawe ya Mji Mkongwe wa Unguja haikujengwa ili mgeni apande juu. Mgeni aliishia barazani, nje, au dakani, penye mlango wa nakshi. Akizidi heshima aliingizwa sebuleni. Hapo aliletewa kahawa na tende, na kama ni siku ya kula, chakula kilimfikia kikiwa kimekwisha pakuliwa. Jiko hakuliona. Ghorofa za juu na paa vilikuwa vya wenye nyumba, hasa wanawake, na katika baadhi ya mitaa nyumba mbili ziliunganishwa juu ya kichochoro kwa wikio, ili watu wa ndani waende kwa jirani bila kushuka njiani. Kugeuzwa kwa nyumba hizo kuwa migahawa, jambo lililoshika kasi katika miaka ya 1990, ni habari ya njia hiyo moja, kutoka mlangoni hadi juu, na ya nani anayeruhusiwa kuipita.

Ukuta wa nyumba ya namna hii ni wa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo mwekundu, na unene wake mara nyingi ni nusu mita au zaidi. Dari na sakafu za juu zimebebwa na boriti za mikoko, ambazo zamani zililetwa kwa majahazi kutoka Rufiji na Lamu. Boriti ya mkoko ikishakatwa na kunyooshwa haivuki sana mita 3, na kwa hiyo chumba nacho hakivuki. Mwenye mali aliyetaka ukumbi mkubwa aliurefusha, kuupanua hakuweza. Ndiyo maana vyumba vya Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba kama behewa la treni, iwe nyumba ya tajiri au ya mtu wa kawaida. Anayefungua mgahawa hukutana na kipimo hicho kabla ya leseni na kabla ya mpishi. Meza hukaa safu mbili, kila safu ikiegemea ukuta wake, na mhudumu hupita katikati kwa ubavu, sinia juu. Idadi ya wateja wa usiku mmoja ilikwisha kuamuliwa na mti wa pwani zaidi ya miaka mia iliyopita.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 nyumba nyingi zilitaifishwa, na nyingine zikaachwa na wenyewe waliokimbia. Serikali ikazigawa kwa familia zilizohamia kutoka mashamba, Pemba na Ng'ambo. Katika nyumba moja ya mtaa wa Kiponda ambayo mwandishi wa kumbukumbu hizi aliijua tangu utotoni, miaka ya 1970, kila chumba kilikuwa na familia yake, na kila mlango wa chumba ulikuwa na jiko la mkaa nje yake. Moshi ulipanda kwa uwazi wa katikati na kuupaka ukuta weusi hadi juu. Maji yalichotwa bombani chini na kupandishwa kwa ndoo, na kilichomwagika njiani kililowesha ngazi na kuingia sakafuni. Paani walianika nguo na dagaa, na jioni wanawake walikaa huko kupata upepo. Mtoto wa kiume akishakua kidogo aliacha kupanda, bila ya kuambiwa.

Kodi ilikuwa ndogo mno, na hakuna aliyejua hasa nani atengeneze nini. Nyumba ya chokaa hutaka kupakwa upya mara kwa mara. Ikiachwa, mvua hupata ufa, ufa hufikisha maji kwenye ncha ya boriti iliyozama ukutani, na boriti huoza pale pasipoonekana. Masika moja, sehemu ya nyuma ya ghorofa ya juu ya nyumba ile ilishuka usiku. Hakuumia mtu, kwa kuwa familia ya chumba kile ilikuwa imekwenda Pemba mazishini. Tangu siku hiyo mlango wa kwendea paani ukapigwa misumari.

Hali kama hiyo ilienea mjini, na mwaka 1985 ikaundwa Mamlaka ya kuhifadhi na kuendeleza Mji Mkongwe. Sheria yake ilifuata mwaka 1994, na mwaka 2000 UNESCO ikauingiza mji katika orodha ya Urithi wa Dunia. Katikati ya miaka ya 1980, Mamlaka ilipoundwa, biashara nayo ilifunguliwa na wawekezaji wakakaribishwa. Baadhi ya nyumba za serikali ziliuzwa au kukodishwa kwa muda mrefu. Nyingine zilikuwa za wakfu, chini ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Wapangaji wengi walihamia Mwanakwerekwe, Fuoni na kwingineko nje ya mji, baadhi kwa hiari na baadhi kwa kusukumwa. Kwa walioondoka, nyumba ya tofali yenye bomba la maji ndani haikuwa hasara, ingawa leo wapo wanaosimulia Kiponda kana kwamba hapakuwa na ndoo wala ngazi.

Kula nje, wakati huo, kulikuwa ni bustani ya Forodhani usiku, kwa mishikaki na pweza, urojo wa barabarani, au mkahawa wa chai na maandazi wenye benchi mbili. Neno mkahawa lenyewe limetoka kwenye kahawa, na kwa muda mrefu mtu hakutarajia humo zaidi ya kinywaji na kitafunio. Jengo kubwa la zamani lenye meza za wageni lilikuwa Africa House ya Shangani, iliyokuwa klabu ya Waingereza kabla ya kuwa hoteli ya serikali. Huko watu walikwenda kutazama jua likizama zaidi kuliko kula.

Aliyebadili mwelekeo alikuwa Emerson Skeens, Mmarekani aliyefika Unguja mwaka 1989 na kubaki hadi alipofariki mwaka 2014. Pamoja na mshirika wake Thomas Green alitengeneza nyumba ya Tharia Topan, mfanyabiashara wa Kihindi aliyesimamia forodha ya Sultani. Jengo hilo liko Hurumzi, jina ambalo wenyeji hulihusisha na neno huru, kwa kuwa Waingereza walilitumia katika shughuli za kuwaachia watumwa baada ya amri ya mwaka 1897. Mgahawa hawakuuweka chini, karibu na mlango, kama mfanyabiashara yeyote angefanya. Waliuweka juu ya paa. Mgeni alipanda ghorofa baada ya ghorofa, akavua viatu, akakaa chini juu ya mito, na akala kilichopikwa siku hiyo huku adhana za Magharibi zikipishana chini yake. Nafasi ziliwekwa mapema kwa kuwa zilikuwa chache. Wazo hilo liliigwa kila upande, na katika muda wa miaka kumi paa likawa sehemu yenye thamani kuliko zote ndani ya nyumba.

Majengo mengine yalipita njia tofauti. Jengo la zamani la simu za nje, Shangani, likawa hoteli ya Serena mwaka 1997 baada ya ukarabati uliosimamiwa na taasisi za Aga Khan. Mradi wa ukubwa huo ulikuwa na wahandisi wake na fedha zake, na hauna mengi ya kumfundisha mtu mwenye nyumba moja na mkopo mmoja.

Nyumba ya Kiponda, ilipoanza kugeuzwa mgahawa, ilikuwa ya mtu wa namna hiyo. Kazi ya kwanza ilikuwa kuta, na kosa la kwanza lilikuwa saruji. Mkandarasi aliahidi kumaliza upesi na akapiga lipu ya saruji juu ya mawe ya matumbawe. Matumbawe yana chumvi na hunyonya unyevu. Chokaa huuachia utoke taratibu, lakini saruji huufungia ndani. Masika yalipokuja ukuta ulitoka jasho, chumvi ikachanua kama unga na rangi ikabanduka kwa magamba. Lipu yote ikabanduliwa, na akatafutwa mzee fundi wa chokaa. Chokaa ya Unguja hutokana na matumbawe yaliyochomwa juu ya lundo la magogo ya minazi, kisha huzimwa kwa maji na kulazwa shimoni. Kadiri inavyokaa ndivyo inavyokuwa laini. Mzee alitaka iliyolala miezi. Mwenye mgahawa alitaka kufungua kabla ya msimu wa wageni wa Julai. Mzee ndiye aliyeshinda, na mgahawa ukafunguliwa Desemba.

Jiko lilisumbua zaidi. Nyumba iliyojengwa kuficha mapishi haina pa kupeleka moshi wala harufu, na bomba la moshi haliwezi kupenyezwa katika ukuta wa nje bila kibali. Jiko likiwekwa chini, wali hufika juu umepoa na wahudumu huchoka kabla ya saa mbili, maana ngazi za nyumba hizi ni wima na kila kidato kina urefu wake. Likiwekwa juu, mitungi ya gesi na maji hupanda kwa mabega ya watu. Nyumba ya Kiponda ilijaribu yote mawili. Kwanza jiko lilikaa chini, na sahani zikapandishwa ndani ya kapu kwa kamba na kapi kupitia uwazi wa katikati, palepale moshi wa mkaa ulipokuwa ukipita. Wageni walilipenda kapu hilo kuliko chakula. Kisha jiko likahamishiwa juu pamoja na tangi la maji, na ufa ukaonekana chini ya tangi. Lita 1,000 za maji ni tani nzima, na boriti ya mkoko haikuwekwa kwa ajili hiyo. Tangi likashushwa, likabaki dogo la kujaza kila alfajiri kwa pampu.

Umeme nao ulikuwa na lake. Mwaka 2008 kisiwa kilikaa gizani karibu mwezi mmoja, na kuanzia Desemba 2009 takriban miezi mitatu. Jenereta ziliingia vichochoroni, majirani wakapeleka malalamiko kwa sheha, na orodha ya vyakula ikafupishwa hadi kile kilichovuliwa asubuhi na kuuzwa soko la Darajani kabla ya adhuhuri. Baadhi ya migahawa haikuirudisha tena ile ndefu. Mwezi wa Ramadhani mchana migahawa mingi hufunga, na inayowahudumia wageni huwapeleka ndani na kushusha mapazia, hivyo kwa mwezi mmoja chakula hurudi kufichwa.

Katika orodha yenyewe ya vyakula, pweza wa nazi, boko-boko na biriani vilipangiwa bei ambayo wapangaji wa zamani wangedhani ni ya mbuzi mzima. Mmoja wao alirudi katika nyumba ya Kiponda kuwa mpishi. Alikuwa akifika saa tisa alasiri kutoka Fuoni kwa daladala, akipanda ngazi zilezile bila kushika kamba ya kujishikilia, na alikataa kabisa kupikia nazi ya kopo.

Mwishoni mwa 2020, tarehe 25 Desemba, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, iliporomoka na kuua watu wawili. Mwenye nyumba ya Kiponda aliondoa safu moja ya meza paani wiki iliyofuata.

Wikio la nyumba ile bado lipo. Upande wa jirani, ambako familia ingali inaishi, limezibwa kwa matofali ili wageni wasichungulie. Upande wa mgahawa huwekwa kreti za soda.